TRELA LIFUATE TREKTA, SI TREKTA LIFUATE TRELA



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno na wanachama wote juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kazi ndogo ya mafundi. Jambo lenyewe ni kubadilisha upana wa magurudumu ya nyuma ya trekta ili yalingane na magurudumu ya trela. Mimi nasema si kazi ndogo. Ni kazi inayoweza kuua mtu, na katika mashamba ya Meru na Embu mara nyingi hufanywa kwa amri ya haraka, kwa jeki moja na mawe matatu, na mkubwa aliyetoa amri hayupo mahali pale jeki inapoteleza.

Najua wengine watauliza: Mtu wa reli ana shauri gani na trekta? Reli yenyewe haijafika Meru, yaishia Nanyuki. Nina majibu mawili. La kwanza, sisi wa Kaaga tulio katika kazi ya reli hatukuanguka kutoka mbinguni. Kila mmoja wetu ana ndugu, shemeji au mtoto wa jirani anayefanya kibarua katika shamba la ngano au viazi upande wa Timau na Kibirichia, au katika kahawa, au katika chai. Mshahara wa reli na mshahara wa shamba huingia katika chungu kimoja. Mguu wa ndugu ukivunjika shambani, ni mshahara wa reli unaomlisha. La pili, upana wa magurudumu ndio kazi yetu. Hakuna mfanyakazi anayejua kuliko mtu wa reli kwamba upana ni uhai.

Fikirini, ndugu. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita moja kamili, yaani milimita 1000. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1435. Behewa la hii haliwezi kupita juu ya ile. Basi yafanywa nini? Huko Naivasha kontena hushushwa kutoka behewa la reli pana na kupakiwa juu ya behewa la reli nyembamba. Tanzania nako ni vivyo hivyo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1067, na reli ya kati ya zamani ni ya mita moja. Zinapokutana Kidatu, ni mzigo unaohama. Ni gharama, ni taabu, ni saa nyingi. Lakini sijasikia huku kwetu mkubwa yeyote wa reli aliyesimama kituoni akasema: "Leteni jeki, sogezeni magurudumu ya injini, treni iondoke saa nane." Akisema hivyo atachekwa hata na mfagiaji wa karakana. Kwa nini basi neno hilo lisemwe kila siku shambani, wala asitokee mtu wa kucheka?

Trekta ni tofauti na injini ya reli, nakubali. Trekta limetengenezwa makusudi ili upana wake ubadilike. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi watalikumbuka lile Ferguson dogo la rangi ya kijivu, TE 20, lililotengenezwa huko Coventry, Uingereza, kutoka mwaka 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Gurudumu lake la nyuma ni vipande viwili. Kuna sahani ya katikati, iliyobonyea kama sufuria, nayo hushikwa kwenye ekseli kwa nati. Kuna rimu inayobeba tairi, nayo hushikwa kwenye sahani kwa bolti, katika masikio ya chuma. Ukiigeuza sahani, bonde lake likaangalia nje badala ya ndani, upana hubadilika. Ukiifunga rimu upande wa pili wa masikio, upana hubadilika tena. Kwa kugeuza huku na huku unapata hatua nane, kila hatua inchi 4: inchi 48, 52, 56, 60, 64, 68, 72 na 76. Matrekta ya Massey Ferguson yaliyokuja baadaye, ambayo yangali yakilima huku kwetu, mengi yalifuata mpango huo huo.

Na sababu ya kutaka kulinganisha upana ni ya kweli, siipingi. Magurudumu ya trela yakifuata alama za matairi ya trekta, trela latembea juu ya udongo uliokwisha kubanwa. Halizami, trekta halichoki, mafuta hayapotei. Magurudumu ya trela yakipita nje ya alama hizo, au ndani yake, trela hukata njia yake mpya katika matope, hukanyaga mimea, huvunja kingo za mitaro. Wakati wa mvua za mwezi wa nne kila dereva ajua jinsi trela la namna hiyo linavyovuta upande. Kulingana ni faida kwa tajiri na ni nafuu kwa dereva.

Ninalopinga ni jibu la swali hili: Katika hao wawili, trekta na trela, ni nani abadilike? Tajiri hujibu upesi: "Trekta." Kwa nini? Kwa sababu kubadilisha trekta hakumgharimu senti. Vipande vyote vipo, nati zipo, na vibarua wapo. Kubadilisha trela kwahitaji ekseli nyingine, na fundi wa kuchomelea, na pesa. Basi huchagua njia isiyomgharimu yeye, na gharama humwangukia mwingine.

Tazameni matrela yetu. Mengi hayakununuliwa dukani. Huungwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya gari kuukuu, yoyote iliyopatikana. Ekseli ya Land Rover ya zamani, kwa mfano, ina upana wa kama inchi 52 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mwenye shamba hulipata trela la namna hiyo kwa bei rahisi, hulileta nyumbani, kisha aona trekta lake ni pana. Limefungwa inchi 68, nalo limefanya kazi hivyo miaka mingi mlimani bila matata. Papo hapo hutoa amri: Libaneni.

Sasa na tufanye hesabu, maana shule ya misheni ilitufundisha hesabu pamoja na nyimbo. Trekta lenye upana wa inchi 68 lina inchi 34 kila upande wa katikati yake. Likibanwa hadi inchi 52, labaki na inchi 26. Limenyang'anywa inchi 8 kila upande, karibu robo ya mguu wake. Je, urefu wake umepungua? La. Injini imeshuka chini? La. Dereva je? Bado ameketi pale pale juu. Ni kama mtu aliyebeba gunia kichwani, ukamwambia asimame miguu pamoja, kisha ukamwambia ashuke mteremko. Penye tambarare, kama Kano, labda atapona. Lakini sisi twakaa katika mabega ya Mlima Kenya na katika vilima vya Nyambene. Huku kwetu njia ya shamba yenyewe ni mteremko.

Na trekta lenyewe lina tabia ambayo mtu wa gari haijui. Ekseli yake ya mbele hucheza juu ya pini moja ya katikati, kama mizani. Magurudumu ya mbele hupanda na kushuka na ardhi, wala hayazuii mwili wa trekta kuanza kulala. Mwanzo wa kulala, ni magurudumu mawili ya nyuma peke yake yanayolishika. Ndiyo kusema ukiubana upana wa nyuma umekata nguzo yenyewe ya nyumba. Kisha nyuma yake umefunga trela lililojaa viazi, pengine zito kuliko trekta, pengine halina breki, nalo lasukuma kutoka nyuma katika kona.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza jambo hili kwa makaburi. Sweden ilitoa sheria mwaka 1959 kwamba trekta jipya liwe na ulinzi wa chuma wa kumkinga dereva likipinduka. Uingereza ilitoa kanuni mwaka 1967, na tangu Septemba 1970 matrekta mapya ya shamba yakalazimishwa kuwa na kibanda cha usalama. Lile Ferguson la kijivu halikuwa na kitu cha namna hiyo, na katika matrekta makuukuu yanayofanya kazi Meru leo yapo mengi ambayo juu ya kichwa cha dereva hakuna ila kofia yake. Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, limekadiria kwamba wafanyakazi wa kilimo wanaokufa kazini ulimwenguni kila mwaka si chini ya 170,000, nalo lataja mashine, kama matrekta, kuwa katika sababu kubwa za vifo hivyo.

Hiyo ni hatari ya baadaye, trekta likisha kubanwa. Iko hatari nyingine ya mbele yake, nayo ni kazi yenyewe ya kubana. Hapo nitasema habari moja ninayoijua. Jina la shamba nitaliacha, na jina la kijana nitaliacha, kwa kuwa mambo yake yangali yakiendelea.

Kijana huyu ni wa jirani yetu. Alikuwa kibarua, si fundi. Asubuhi moja msimamizi alitoa amri kwamba kufika saa nne magurudumu ya trekta yawe yamebanwa, maana trela jipya limekuja na viazi vyangoja. Trekta lilikuwa limesimama mbele ya ghala, mahali penye mteremko kidogo. Jeki ilikuwa moja, ya lori, nayo iliwekwa juu ya udongo wenye kipande cha ubao. Wenye kusoma Biblia wanamjua mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Huyu alijenga trekta zima. Mmoja wa vibarua aliuliza juu ya kuweka mawe mbele ya magurudumu. Msimamizi alijibu kwamba breki ya mkono imevutwa, yatosha.

Ndugu wanachama, ishikeni habari hii hata kama mtasahau yote niliyoandika. Breki ya mkono ya trekta hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiisha kuinua gurudumu la nyuma, breki ya upande huo yashika hewa, na trekta limebaki na tairi moja tu la kulizuia. Wala usijidanganye kwa kuliacha katika gia. Gurudumu moja likiwa juu, lile la chini laweza kubingirika na lile la juu likazunguka kinyume, kwa ajili ya gia ya katikati inayogawanya nguvu. Trekta hilo lilikuwa kuukuu, na breki ya upande wa pili ilikuwa imekwisha. Wote walijua.

Walipoifungua nati ya mwisho, trekta lilisogea kama shubiri moja tu. Yatosha. Jeki ililala, ekseli ikashuka, na gurudumu, lililokuwa limejazwa maji ili kuongeza uzito, likaanguka upande wa kijana. Gurudumu la namna hiyo laweza kupita kilo 300. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo haukunyooka. Ng'ombe wa mama yake aliuzwa kwa gharama ya hospitali. Na tajiri alisema nini? Alisema: "Ni uzembe wake. Nani alimwambia aweke mguu pale?" Magurudumu yalimaliziwa siku ya pili na watu wengine, na viazi vikaenda sokoni.

Sasa nataka kujibu maneno ya wale wanaotetea mambo haya, maana nimeyasikia yote.

Wasema: "Kitabu cha trekta chenyewe chasema magurudumu hubadilishwa." Kweli chasema. Lakini kitabu hicho hicho chasema trekta lisimame mahali sawa na pagumu, magurudumu ya chini yazuiwe, na mwili ushikwe na stendi, si jeki. Mbona mwasoma mstari mmoja na kuufunga ukurasa?

Wasema: "Ekseli mpya ya trela ni ghali." Nauliza, ghali kuliko nini? Kuliko mguu? Na tena si lazima iwe mpya. Fundi yule yule aliyeunga trela la inchi 52 aweza kuunga la inchi 68. Apewe kipimo cha trekta kabla hajakata chuma. Kupima kwa futi ya utepe ni kazi ya dakika tano. Tajiri anayenunua suruali hujipima kiuno kwanza. Kwa nini anunue trela bila kupima trekta?

Wasema: "Vijana wetu ni hodari, wameifanya kazi hii mara nyingi." Hapo nawageukia ninyi wafanyakazi wenzangu, maana kosa hili ni letu pia. Tunao watu wanaojisifu kwamba hawahitaji stendi, wala kabari, kwamba wao ni wanaume. Mnyapara huwapenda sana watu hao. Sifa hizo hazilipwi mwisho wa mwezi. Mtu anayekubali kazi ya hatari kwa ajili ya sifa huwafungia mlango wenzake watakaotaka kukataa.

Wasema mwisho: "Ni uzembe wa mfanyakazi." Neno hili ndilo ngao yao kubwa, na ndilo ambalo sheria imekwisha kulivunja, ila hatukuambiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa usalama wa wote wanaofanya kazi hapo: mitambo salama, njia salama ya kufanya kazi, mafunzo na usimamizi. Yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ikiwa haijaondolewa. Yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ni mashamba mangapi yenye watu 20 hapa kwetu? Na kamati ziko wapi?

Tena iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007 pia, ile inayoitwa WIBA. Chini ya sheria hii mfanyakazi aliyeumia kazini hana haja ya kuthibitisha kwamba tajiri alikosa. Yatosha kwamba ameumia katika kazi. Gharama za matibabu zilizo za haki ni juu ya tajiri. Aliyekuwa kilema kabisa wa kudumu, hesabu ya fidia yake ni mapato ya miezi 96. Tajiri akiisha kupata habari ya ajali ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa serikali. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Na juu ya neno lile la kosa, sheria yanyima fidia kwa mtu aliyefanya ubaya wa makusudi tu, na hata huyo hanyimwi kama ajali ilileta kifo au kilema kikubwa. Basi "Nani alimwambia aweke mguu pale" si jibu mbele ya sheria. Ni kelele tu.

Kijana yule hakujua hata neno moja la hayo. Mama yake alidhani kuuza ng'ombe ndiyo sheria. Tulipokutana naye ulikuwa mwezi wa kumi tangu ajali. Tukakaa, tukaandika karatasi, tukazipeleka. Kama tungalichelewa miezi miwili zaidi, mlango ungalifungwa. Sasa twangoja. Je, ni wangapi wasiokutana na mtu wa kuwaandikia?

Kwa hiyo naleta mbele ya chama mambo haya, nayo yazungumzwe katika matawi, kisha yapelekwe kwa ndugu zetu wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1963, ili tuyadai pamoja:

1. Trela lifuate trekta. Tajiri atakayenunua au kuunga trela, alipime trekta lake kwanza, na ekseli ya trela ikatwe kwa kipimo hicho. Trekta la mlimani lisibanwe kwa ajili ya trela la bei rahisi.

2. Kama hapana budi trekta libadilishwe, kazi ifanywe na fundi aliyefundishwa, wala si kibarua aliyeitwa kutoka katika mstari wa viazi.  Vituo vya mafunzo ya wakulima viwafundishe pia madereva na wasaidizi wao, si wenye mashamba peke yao.

3. Vyombo viwepo kabla ya amri: jeki inayotosha uzito, stendi za chuma mbili, kabari za magurudumu, kabari za ekseli ya mbele, spana ya kimo cha nati, na mnyororo wa kushikia gurudumu.

4. Kazi hii isiwekewe saa. Viazi vingoje.

5. Trekta likisha kubanwa, upana mpya uandikwe kwa rangi juu ya madigadi, na dereva aambiwe mbele ya mashahidi ni miteremko gani asipite tena. Akikataa kupita, asifukuzwe.

Na kwa wale watakaoamriwa kesho asubuhi, kabla matawi hayajakutana, nawaandikia taratibu yenyewe. Ikateni karatasi hii mwiweke mfukoni.

Simamisheni trekta mahali sawa, pagumu. Fungueni trela, liwe mbali. Zimeni injini, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na ya gurudumu la nyuma litakalobaki chini. Pigilieni kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na mwili, ili trekta lisilale. Kama tairi lina maji, yatoeni kwanza. Legezeni nati kidogo gurudumu likiwa bado chini. Inueni upande mmoja tu kwa wakati mmoja, jeki juu ya ubao mpana na mgumu, kisha wekeni stendi chini ya ekseli mlishushe trekta juu yake. Jeki ni ya kuinua. Ya kushika ni stendi. Mtu asiweke mguu wala mkono chini kabla ya hapo.

Gurudumu libingirishwe na watu wawili, likishikwa na mnyororo. Ukiligeuza gurudumu zima ndani nje, lazima lihamie upande wa pili wa trekta, kwa maana meno ya tairi yana mwendo wake. Ukisimama nyuma ukatazama juu ya tairi, ncha ya yale meno yaliyokaa kama herufi V ielekee mbele. Pimeni pande zote mbili kutoka katikati, zilingane. Angalieni tairi lisiguse madigadi wala mikono ya kuinulia jembe. Sogezeni na magurudumu ya mbele yafanane na ya nyuma. Kazeni nati kwa zamu, moja hapa, nyingine ng'ambo yake. Baada ya saa moja ya kazi zikazeni tena, na siku ya pili tena, kwa kuwa nati mpya hulegea.

Na kama hata moja la mambo haya halipo, semeni wote kwa kinywa kimoja: Kazi hii hatuifanyi mpaka vyombo vije. Mmoja akisema, atafukuzwa. Kumi wakisema, jeki ya pili itapatikana kabla ya saa sita, mtaona. Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 haukuwa wa watu wa kazi moja. Watu wa gati walikuwamo, watu wa reli walikuwamo, na waliofanya kazi za nyumbani na za mahoteli walikuwamo. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe, "Wewe mpishi una shauri gani na gati?" Basi na sisi tusiulizane mtu wa reli ana shauri gani na trekta.

Mkutano wa tawi ukiitishwa, naomba jambo hili liwe la kwanza, kabla ya michango na kabla ya mengineyo. Mwenye jirani au ndugu aliyeumia shambani katika miezi 12 hii, na amlete, na barua za hospitali azilete. Kalamu tunazo.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi,

MTU WA RELI,
Kaaga, Meru.